Chini ya Leso ya Mama

Tata Kananu alifunga mlango wa chumba kwa ndani, akatia ufunguo ndani ya sidiria yake, mahali ambapo hakuna mtu angethubutu kuutafuta.

"Sasa," akasema. "Toa hiyo kitu."

Karwirwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda alicholalia tangu akiwa msichana wa shule. Alivaa gauni la kitenge cha kijani lililoshonwa Makutano, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kichwani hijabu ya rangi ya maziwa aliyoichagua mwenyewe kwa ajili ya siku hii. Nje, kwenye uwanja wa baba yake hapo Kianjai, hema lilikuwa limesimamishwa, mtu alikuwa anajaribu kinanda, na wageni kutoka Embu walikuwa langoni wakiimba wafunguliwe.

"Nitoe nini, Tata?"

"Usinifanye mjinga. Hiyo ya kichwa."

Karwirwa alicheka. Tata huyu, dada ya baba yake, alikuwa mtu wa mzaha tangu zamani. Lakini alipomtazama mama yake, Gladwell, aliyesimama karibu na dirisha akikunja leso ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari, kicheko kikamkauka. Mama hakuinua macho.

"Baba yako na huyo kijana walielewana," Tata akasema. "Ile siku alikuja na sukari. Ndugu yangu akamwambia, nitapokea ncoolo yako ya miraa, lakini msichana wangu atatoka mbele ya watu vile nilimlea, kichwa wazi. Akishafika kwenu mumfunge vile mnataka. Kijana akasema sawa, mzee. Nilikuwa hapo na chai mkononi."

"Idris alisema sawa?"

"Runji. Alisema sawa. Ama unataka niape?"

Hakuhitaji kuapa. Karwirwa alikumbuka vile Idris Runji alivyorudi Runyenjes baada ya siku ile, uso umemng'aa, akamwambia, "Baba yako amekubali." Alimwuliza amekubali vipi. Idris akasema, "Amekubali tu. Hata amesema mjomba wangu ndiye atachinja mbuzi, ili sisi Waislamu tule." Alikuwa amefurahi sana. Sasa ndipo Karwirwa alipoelewa kwamba furaha ile ilikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na kichwa chake.

Wengi pale kijijini waliamini kwamba Karwirwa alivaa hijabu kwa sababu ya mwanamume. Haikuwa hivyo. Aliposilimu alikuwa hamjui Idris hata kwa jina. Alikuwa amepanga chumba Majengo, mjini Embu, akisoma mambo ya dawa za mifugo, na jirani yake alikuwa mama mmoja mgonjwa ambaye kila alfajiri alijikokota kutoka kitandani aswali. Karwirwa alikuwa akimteka maji. Mwaka mzima alimtekea maji, na mwaka mzima hakuambiwa abadili dini. Siku moja alimwuliza yule mama anamwambia Mungu nini kila asubuhi hivyo, na jibu alilopewa hajawahi kumwambia mtu. Basi akaanza kuamka naye. Ndiyo hivyo tu. Baadaye akapata kazi kwenye duka la dawa za mifugo pale Runyenjes, na wakulima waliokuja kwa bodaboda kununua dawa ya kupe walikuwa wakimwuliza kama ametoka Garissa, kwa Wasomali. Akiwajibu kwa Kimeru cha Tigania walicheka mpaka wakasahau kilichowaleta. Wakamwita daktari wa ng'ombe. Idris, mwalimu wa sekondari, mtoto wa Waislamu wa Majengo tangu enzi za babu yake, alikuja miaka miwili baadaye, ng'ombe wa mama yake amevimba tumbo, na alimkuta tayari ni Safiya, jina alilolichukua aliposilimu.

Sheikh alikuwa ameshawaambia kwamba nikaha ingeweza kufungwa Embu hata baba asipokubali. Karwirwa ndiye aliyekataa. Alisema hataki kuondoka kwao kama mtu aliyetoroka. Anataka atoke kwa mlango, mchana, baba yake akiwa ametafuna miraa ya kumwombea. Kwa watu wa huko, baba akishakubali ncoolo, lile furushi la miraa la kuombea msichana, akalifungua na kutafuna, basi neno limekwisha. Asipotafuna, hata mlete ng'ombe wangapi, hamjaoa.

"Mama," Karwirwa akasema. "Wewe ulijua?"

Gladwell alikunja leso mara nyingine. "Baba yako halali siku hizi," akasema kwa sauti ndogo. "Kila akienda kanisani wanamwuliza. Karwirwa, ni mchana mmoja tu. Nifanyie mimi."

"Na ukikataa," Tata akaingilia, "tunatoka nje tunawaambia wale watu warudi Embu na mbuzi wao. Wamama wamepika tangu jana. Ni wewe utaenda kuwaambia?"

Dirisha lilikuwa na vyuma. Alivijua vyuma vile, alikuwa amevishika akiwa mtoto akitazama mvua. Alivitazama sasa kama mtu anayevipima, halafu akaona aibu. Ataruka aende wapi, na gauni la kijani, mbele ya watu wote?

Alitoa pini zake moja moja. Hijabu iliposhuka, Tata alishika mdomo na kusema nywele nzuri hivi, jana msusi ameshinda hapa mpaka jioni, unazifichia nani. Mama alichukua kile kitambaa na pini zote, akavitia ndani ya sanduku la bati na kubonyeza kufuli. Kufuli ikalia ndogo, tap.

Kisha akafanya jambo ambalo Karwirwa hakulielewa mpaka baadaye. Alitoa chini ya godoro leso moja kuukuu, nyekundu iliyopauka, laini kama kitambaa cha mtoto, akamtupia mabegani.

"Kuna upepo," akasema. Ndipo akamfunika juu yake kwa ile leso mpya ya manjano, kutoka kichwani mpaka magotini, na dunia ikawa manjano.

*

Walitolewa nje wanne. Tata alikuwa amejifunika vilevile akaingia kwenye safu, upande wa kulia wa Karwirwa, na mkono wake ulikuwa umemshika kiunoni kwa nguvu kuliko desturi inavyodai. Kushoto alikuwa binamu yake Carol, na mwishoni bibi mmoja jirani aliyewekwa kwa ajili ya kuchekesha. Wote leso za manjano, wote miguu mitupu, wote wameinama ili urefu usijulikane. Bwana harusi angepita akitafuta wake. Akikosa, anatoa faini na kurudishwa nyuma ajaribu tena. Akipatia, ni yeye mwenyewe humfunua mbele ya watu.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mkono wa kumwacha wazi ungekuwa wa Idris.

Chini ya ile leso kulikuwa na joto. Karwirwa alisikia kila kitu na hakuona ila vivuli. Alisikia wazee wa Tigania wakiwacheka wageni kwa sababu walikuwa wameleta ncoolo imefungwa kwa karatasi ya kaki, kama mkate. Mjomba wa Idris, Mzee Rwamba, akajitetea kwamba Embu wao hulima kahawa, hayo mengine wameambiwa kwa simu. Watu wakacheka. Halafu akasikia kikohozi cha baba yake, Muthamia, kifupi, kile cha mtu anayetaka mambo yaishe. Alikijua kikohozi kile tangu utotoni, na alimpenda baba yake, na kumpenda huko ndiko kulikomziba pumzi kuliko leso.

Wanawake wakaanza wimbo. Tata alikuwa ndiye sauti kubwa kuliko zote, anaimba kutoka chini ya kitambaa utadhani yuko ndani ya pipa. Kivuli cha mwanamume kikaanza kupita mbele ya safu.

Kikapita bibi jirani. Kikapita Carol, aliyenong'ona, "Si mimi, songa." Kikafika mbele ya Karwirwa na kusimama.

Karwirwa bila kujua alikuwa amepandisha unyayo wa kushoto juu ya wa kulia, anasugua, vile alivyozoea kusimama nyuma ya kaunta akisubiri mkulima aseme shida yake. Aliuteremsha haraka. Lakini Idris alikuwa ameshaona. Alipiga goti, kama anayechunguza vidole, na watu wakapiga kelele kwamba huyo anataka kununua miguu.

"Safiya," akanong'ona.

Karwirwa alikaza vidole vya miguu ardhini.

"Safiya, ni mimi."

"Najua ni wewe. Wewe ndiye ulisema sawa, mzee."

Wimbo uliendelea juu yao.

"Nilifikiri ni siku moja tu," Idris akasema. "Nilifikiri nikikataa, nitakukosa."

"Kichwa ni chako?"

"Hapana."

"Ulikipeana kama chako. Idris, mimi sikuvaa kwa sababu yako. Kama leo umenipeana kwa baba yangu, kesho utanipeana kwa mama yako, aseme nivae hivi, nifunge hivi, niache kazi. Nitakuwa naishi hivi hivi, chini ya kitambaa cha mtu."

Alimsikia anavyopumua. Alikuwa karibu kiasi kwamba ukingo wa leso ulicheza kwa pumzi yake. Siku nyingine ukaribu huo ungemyeyusha. Alikuwa amengoja miezi mingi siku mtu huyu atakapopiga goti mbele yake.

"Niambie nifanye nini," Idris akasema. "Nikisimama hapa nikatae, baba yako atafukuza wazee wangu. Nikikufunua... Niambie."

Kupitia upenyo wa chini aliona magoti ya suruali yake, na alipoinama zaidi akaona kola ya koti, na kwenye kola lile ua la karatasi ambalo dada zake walimbandika asubuhi. Chini ya ua kulikuwa na kitu kinachometameta.

"Nipe hiyo pini," akasema.

"Nini?"

"Ya ua. Halafu usinichague."

Mkono wa Idris ukaenda kwenye kola. Karwirwa akahisi kitu chembamba, baridi, kikiwekwa kati ya vidole vya mguu wake, na kidole cha Idris kikagusa chake na kuondoka kama kilichoungua.

"Nichague nani?"

"Huyu amenishika kiuno."

Idris akainuka. Alikuna kichwa, akajifanya anahesabu, akanusa hewa mpaka watu wakashika mbavu. Halafu akasimama mbele ya Tata Kananu, akamshika mkono kwa heshima zote na kutangaza kwa sauti ya darasani, "Huyu ndiye moyo wangu," na akafunua.

Kelele zilizopigwa zilisikika mpaka barabarani. Tata alisimama pale na meno yake yote nje, mwanamke wa miaka sitini, na asichezeje? Alicheza. Alimzunguka Idris akimwambia amechelewa, angekuja miaka arobaini iliyopita. Wazee wa Kianjai walidai kreti za soda, wa Embu wakalalamika, Tata akavutwa katikati ya hema akaketishwa kwenye kiti cha bibi harusi, na mkono uliokuwa kiunoni mwa Karwirwa ukawa mbali.

Wale watatu waliobaki wakageuzwa na kurudishwa barazani, wasimame mpaka faini iletwe. Karwirwa alichutama kama anayefunga kitu mguuni, akaokota pini. Chini ya leso ya manjano, kwenye giza lake la joto, alivuta ile nyekundu kutoka mabegani. Ilikuwa pana, imechoka, inatii. Akaipandisha juu ya nywele, akaizungusha chini ya kidevu, upande wa kulia, upande wa kushoto. Ilikuwa na harufu. Sabuni ya miche, moshi, na kitu kingine ambacho pua yake ilikitambua kabla yake yeye.

"We, unafanya nini huko?" Carol akanong'ona.

"Nyamaza, mtu wangu."

"Sijaona kitu mimi," Carol akasema, na akasogea, akasimama kati yake na hema.

Pini ikaingia. Ilimchoma kidogo, ikashika.

*

Mara ya pili Idris hakufanya mzaha. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele yake, na hata wimbo ulipungua kwa sababu watu waliona uso wake.

"Ni huyu," akasema. Akashika ukingo wa ile leso ya manjano, bila kujua atakuta nini. Akainua.

Mwanga ulimpiga Karwirwa machoni. Jambo la kwanza aliloliona ni Idris, na Idris alikuwa anamtazama kana kwamba amerudishiwa kitu alichokipoteza kwa ujinga wake. La pili lilikuwa ukimya. Tata alikuwa ameinuka kutoka kile kiti. Baba yake alikuwa ameketi nyuma ya meza ndogo, ncoolo mbele yake ndani ya karatasi ya kaki, na uso wake ulikuwa umejifunga.

"Runji," Muthamia akasema. "Tulielewana nini?"

Mjomba wake alimvuta koti, lakini Idris akasogea mbele.

"Mzee, nilikuahidi kitu ambacho hakikuwa changu. Nilikuwa na haraka ya kupata msichana wako. Nimekukosea, na yeye nimemkosea kuliko wewe."

"Kwa hivyo ulinidanganya kwangu, na chai yangu mkononi."

"Ndiyo, mzee."

Hakuna aliyetegemea ajibu hivyo. Muthamia alihamisha macho kwa binti yake. Yalikuwa mekundu, macho ya mtu asiyelala.

"Na wewe. Hiyo nguo ya watu wengine umetoa wapi? Si nilisema ifungiwe?"

Karwirwa alitaka kusema maneno mengi aliyoyapanga miaka. Yote yalimkimbia.

"Si ya watu wengine, baba," akasema. "Ni ya mama."

Vichwa viligeuka. Gladwell alikuwa karibu na masufuria, mwiko mkononi. Alichukua muda kuweka ule mwiko chini.

"Ni yangu," akasema. "Nilimbeba nayo. Hata hiyo alama hapo pembeni ni uji wake. Baba Karwirwa, nilikuwa nayo mgongoni ile siku tulienda kanisani abatizwe, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunga kichwa, na hakuna mtu aliniambia nitoe."

Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwa amemjibu mume wake mbele ya wageni, na sasa alionekana kama anayetafuta mahali pa kuficha mikono.

Muthamia aliuvuta mfuko wa karatasi karibu. Wazee wa pande zote mbili walimtazama. Alifungua pembe moja, akachomoa kijiti kimoja cha miraa, chekundu, kizuri, akakigeuzageuza. Karwirwa alihisi moyo umepanda mpaka kwenye pini. Ni hicho tu. Akitie mdomoni.

Muthamia akakirudisha.

"Leo sitafuni," akasema.

Wageni walianza kuinuka bila kelele, vile watu wanavyoinuka matangani. Mzee Rwamba alikuwa akitafuta kofia yake iliyokuwa kichwani.

"Mama Karwirwa," Muthamia akaongeza, bila kumtazama yeyote. "Toa hii karatasi. Sisi hatufungi hivi. Kata majani ya mgomba, funga vizuri, uweke pale kwa baridi." Akainuka, akaingia nyumbani kwake, na hakufunga mlango.

Wageni walikula, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva na hakuna aliyejua kufanya lingine. Walipokuwa wanaingia kwenye magari, Idris alipata nafasi ya kusimama naye kando ya zizi, Tata akiwatazama kwa mbali, mikono kiunoni.

"Ametukataa," Idris akasema.

"Wewe ni mtu wa kahawa, huelewi. Angekataa angekurudishia ikiwa kwa karatasi yako. Ikifungwa kwa mgomba inakaa mbichi siku kadhaa. Ataifikiria."

"Na wewe?"

"Mimi nabaki nayo hapa. Nikiondoka leo na wewe, nimetoroka."

"Na ikikauka?"

Karwirwa alimtazama tu, kwa muda mrefu, akiyakariri macho yake. Bado alikuwa na hasira naye, na bado alitaka kumshika mkono, na vyote viwili vilikaa ndani yake bila kusukumana.

"Hilo ua lako limeanguka," akasema mwishowe.

"Pini nimekuachia," Idris akasema. "Kaa nayo." Akaingia garini.

Magari yakashuka kuelekea lami. Lango likafungwa, na mnyororo ukapitishwa. Hijabu yake ilikuwa bado ndani ya sanduku la bati, na ufunguo wa lile sanduku hakuuliza uko kwa nani. Alikunja mikono ya gauni akaanza kuosha sahani, leso nyekundu imeshika kichwani, akipita mbele ya wanawake ambao walinyamaza kila alipokaribia na kuanza tena alipopita.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipomwona baba yake ametoka. Alikuwa amechutama kwenye kivuli cha ghala, mbele ya lile furushi la majani ya mgomba, akiligusa kwa vidole kama mtu anayepima homa. Karwirwa alitaka kupita nyuma yake bila kuonekana.

"Karwirwa."

Alisimama.

Muthamia hakugeuka. "Leta maji kidogo ninyunyize," akasema. "Haya majani yameanza kukauka."

Alienda kuleta maji, na alikuwa anakimbia.